Dhahabu Kando ya Mto Mara

Mto Mara ukishatoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hupita jirani na machimbo ya Nyamongo, Tarime, huenea kwenye ardhioevu, kisha huingia Ziwa Viktoria. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, hapo Nyamongo, hadi Mto Tigithe, unaolisha Mara. Huko Buhemba, Butiama, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki. Matopeni vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu inayojikusanya mwilini mwa samaki, hasa wala-samaki kama sangara. Mpaka wa hifadhi, basi, haulindi kilicho mtoni chini yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazodhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sumu haijui mita.