Kuchagua Chombo cha Kuwekea Chakula cha Mwaka

Somo letu la leo ni juu ya chakula cha nyumbani. Tukiweke katika chombo gani ili kitufikishe mavuno mengine? Mwenye daftari na kalamu aviweke karibu, maana tutafanya hesabu kidogo.

Tuseme wewe unakaa Ulyankulu, na nyumba yako ina watu 6. Kwa siku mnakula kilo 3 za mahindi. Mwanzoni mwa Julai umeweka ndani magunia 9, kila moja kilo 100. Hizo ni kilo 900. Gawanya kwa 3, utapata siku 300. Chakula hicho kitakufikisha mwishoni mwa Aprili, wakati mahindi mapya yako shambani.

Sasa tuseme wadudu wamekula theluthi moja. Zimebaki kilo 600, yaani siku 200 tu. Hesabu katika kalenda: chakula kinakwisha katikati ya Januari. Mvua inanyesha, jembe liko mkononi, na chungu ni kitupu. Ndipo mtu anapouza mbuzi wake kwa bei ndogo ili anunue gunia kwa bei kubwa.

Nchi hii ya Unyamwezi ilijua kuweka chakula tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na wapagazi walinunua nafaka kwa wenyeji. Wazee waliweka nafaka katika vihenge, au darini juu ya moto, moshi ukifukuza wadudu. Njia hizo ziliwafaa kwa wadudu wa siku zile.

Kisha akaja mdudu mwingine. Jina lake ni dumuzi, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walimtambua hapa mkoani Tabora, kabla hajajulikana kwingine katika Afrika. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la lile lori kubwa. Ni mdogo sana, milimita 3 au 4 tu, lakini hutoboa mahindi, mihogo mikavu, hata miti ya ghala. Watafiti walipopima maghala ya wakulima wa Tabora miaka ile, waliona mahindi mengine yamepoteza karibu theluthi ya uzito wake kwa miezi michache. Kwa hiyo hesabu yetu ya kwanza si hadithi.

Dumuzi hupenda zaidi mahindi yaliyo bado katika magunzi. Hapo punje zimeshikwa imara, naye hupata pa kujikaza anapotoboa. Basi, kabla ya kufikiri juu ya chombo, fanya mambo matatu. Pukuchua mahindi yako. Yakaushe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha yapepete, uondoe pumba, punje zilizooza na vipande vya magunzi.

Utajuaje kuwa yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo. Tia punje kiasi, tia na chumvi kavu kidogo, funga, halafu utikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isiposhika, yamekauka. Usidharau kazi hii. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hakuna chombo kinachoweza kuyaponya mahindi yaliyowekwa mabichi.

Watu wenye umeme huweka nyama na samaki katika jokofu la kugandishia, kwa sababu baridi huzuia kuoza. Mahindi hayahitaji baridi. Yanahitaji ukavu, na chombo kisichopitisha hewa.

Sasa tuvitazame vyombo. Gunia la katani na kiroba ni rahisi kununua, lakini hupitisha hewa, na wadudu huingia. Ukivitumia, itakubidi kuchanganya mahindi na dawa ya ghala. Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba dawa ipi na kipimo gani. Dawa ya shambani usiitie katika chakula kamwe.

Mfuko usiopitisha hewa una mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Ulibuniwa kwa ajili ya kunde na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kamerun. Ukiujaza, toa hewa, kisha funga kila mfuko peke yake kwa kamba, ukikaza sana. Wadudu waliobaki ndani hutumia hewa iliyopo, ikiisha, hufa. Hapo huhitaji dawa.

Pipa la chuma na kihenge cha bati hufanya kazi hiyo hiyo, na panya hawawezi kuvitoboa. Lakini bei yake ni kubwa. Pipa lililowahi kutiwa dawa au mafuta ya gari lisitumike.

Uchague kipi? Usitazame bei peke yake. Tazama na miaka. Tuseme mfuko mmoja ni shilingi 6,000 na unadumu misimu 3. Gharama yake ni shilingi 2,000 kwa msimu. Kisha uliza: theluthi ya gunia, yaani kilo 33, ni shilingi ngapi mwezi wa Januari? Linganisha, nawe utaona njia.

Fikiri pia jinsi unavyokula. Kila ukifungua chombo, hewa huingia. Mwenye kihenge kimoja kikubwa hukifungua mara nyingi. Mwenye mifuko 9 hufungua mmoja, na 8 hulala salama. Kwa nyumba ya watu 6, mimi naona mifuko inafaa zaidi. Lakini ipange juu ya chaga, mbali na ukuta, na pazibe matundu ya panya. Tundu moja dogo laharibu kazi yote.

Ndugu, jasho la shambani ni la miezi mingi. Kukausha na kufunga ni kazi ya siku chache. Usiziache siku hizo chache zikupotezee mwaka.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini dumuzi hupenda mahindi yaliyo katika magunzi?
2. Leteni chupa na chumvi, mpime mahindi ya mwenzenu mmoja. Mmeona nini?
3. Nyumba ya watu 8 hula kilo 4 kwa siku. Magunia 12 ya kilo 100 yatawatosha siku ngapi? Na wadudu wakila robo?