Filimbi ya Mtumba: Tununue au Tuache?

Hotuba kwa wahitimu na wanafunzi, Nyashimo



Nimeombwa niseme machache juu ya fedha mlizotukabidhi wanakamati ili tuinunulie shule filimbi. Sisemi kipenga cha mwamuzi wa mpira. Nasema ile filimbi ya chuma yenye vitufe, ishikwayo kwa ubavu. Yapo maneno kwamba tulikawia. Ni kweli, na mkawiaji ni mimi.

Sisi tuliosoma wakati Nyashimo ingali katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2012 yaliyotuletea Wilaya ya Busega na Mkoa wa Simiyu, hatukujua ala za dukani. Tulijua ngoma. Nani hapa hajui mashindano ya Wagika na Wagalu? Na nani angekwenda kushindana na ngoma iliyopasuka, eti kwa kuwa aliipata kwa bei nafuu? Lakini nilipoonyeshwa filimbi inayong'aa mjini Mwanza, nililisahau somo hilo.

Muuzaji alitaka shilingi 150,000, nasi tulikuwa na 400,000. Nilikwisha kumwahidi kijana wa Kidato cha Pili, mpulizaji wa filimbi ya mwanzi, kwamba Jumamosi ataipata. Tena niseme ukweli: nilijiona nimesimama hapa, naikabidhi, napigwa picha, nanyi mnapiga makofi.

Bahati nzuri nilifuatana na mzee mmoja mstaafu wa bendi. Aliniuliza kama namnunulia anayepuliza au wanaotazama. Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, filimbi ya namna hii ilipata umbo lake la sasa mwaka 1847, kwa kazi ya Mjerumani Theobald Boehm. Matundu yake ni makubwa kuliko ncha za vidole, kwa hiyo huzibwa na vifuniko, na chini ya kila kifuniko mna pedi laini iliyovikwa ngozi nyembamba. Pedi moja ikivuja, sauti zote zilizo chini ya tundu hilo hudhoofika au hupotea. Mng'aro wa nje hauelezi lolote juu ya pedi.

Mzee aliijaribu hivi. Kwanza aliunganisha vipande vitatu, akaona kama vinashikana bila kulegea wala kulazimishwa. Pili, aliweka ukanda wa karatasi nyembamba chini ya kila pedi, akafunga kifuniko na kuuvuta taratibu. Pedi nzima huushika sawasawa pande zote. Tatu, alitazama kizibo kilicho ndani ya kichwa cha filimbi, ambacho hukaa kiasi cha milimita 17 kutoka katikati ya tundu la kupulizia. Kikihama, sauti hazipatani. Mwisho alipuliza, akishuka sauti moja moja kwa vidole vyepesi. Muuzaji alikuwa amepuliza mbele yetu vizuri tu, lakini kwa kubana vitufe kwa nguvu, na kubana huficha uvujaji. Kwa vidole vyepesi, sauti za chini zilikufa. Pedi nne zilikuwa zimechanika na spiringi moja imekatika.

Tuliuliza gharama ya matengenezo. Fundi alikuwa Dar es Salaam, naye alitaka shilingi 180,000, mbali na kuisafirisha. Basi filimbi ya 150,000 ilikuwa ya 330,000 hata kabla ya nauli. Muuzaji alipunguza bei mara tatu bila kuombwa. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukaiacha.

Jumamosi ile nilifika shuleni mikono mitupu. Yule kijana alisema, “Haidhuru, shikamoo mzee,” akaenda zake. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, nimepokea lawama za kila aina, lakini neno hilo lilinichoma kuliko zote.

Baada ya miezi miwili tulipata nyingine, nayo pia ya mtumba, kwa shilingi 320,000. Ilipita majaribio yote. Shilingi 80,000 zilizobaki tumemkabidhi mwalimu wa muziki kwa ajili ya pedi, kitambaa cha kufutia na matengenezo ya baadaye. Wanafunzi, mfute unyevu ndani kila mnapomaliza kupuliza, wala msiiache juani.

Kwa hiyo sisemi mtumba ni mbaya. Nasema bei ya kitu si ile anayotaja muuzaji tu. Ni pamoja na fedha ya kukifanya kifanye kazi, na fundi wa kukitengeneza kesho. Asiyeweza kukijaribu mwenyewe, na aende na anayekijua. Nasi wahitimu tunapoisaidia shule, iwe dawati, kompyuta au pampu ya maji, tujihadhari na zawadi iliyo nzuri siku ya makabidhiano tu.

Nilimwomba radhi yule kijana. Yuko pale nyuma na filimbi yake, amengoja vya kutosha. Namwachia nafasi.