Muuguzi Yupi Anamhudumia Mgonjwa wa Akili?

Kyerwa, wilaya ya Tanzania iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Karagwe yenyewe zina hospitali za Isingiro na Nyakahanga. Mgonjwa wa akili akilazwa, anayekaa naye usiku kucha ni muuguzi.

Muuguzi aliyesajiliwa humpima presha, humuuliza amelalaje, humpa dawa na kuhakikisha amezimeza. Mikono ikianza kutetemeka kwa sababu ya haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, huandika kwenye faili na kumwita daktari.

Muuguzi bingwa wa afya ya akili amesoma zaidi: Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Nchini Marekani, mwenye ngazi kama hiyo hutambua ugonjwa na kuandika dawa.

Ili wauguzi hawa waweze kumsaidia mgonjwa, ndugu wasimfunge kamba. Wamfikishe hospitali mapema, pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji.