Kitabu Kisirudishwe Rafuni

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi, walimu na wanafunzi katika kikao cha usomaji kwenye maktaba. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakaazi ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Kuna jambo linalotokea maktabani siku za Jumamosi, na wakutubi wanalijua vizuri. Mzazi anaingia na mtoto wa gredi ya nne au ya tano. Mtoto anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya hadithi, anachomoa kitabu chenye picha ya fisi, anaketi sakafuni na kuanza kusoma. Mzazi anamfuata, anakichukua kitabu kile, anakirudisha rafuni na kumpa mtoto kitabu cha marudio ya hesabu. "Hukuja hapa kucheza," anamwambia. Mtoto anatii. Jumamosi inayofuata anasema tumbo linamuuma.

Mzazi huyo hana nia mbaya. Amelipa nauli, amefunga kibanda chake cha mboga nusu siku, na anataka kuona faida. Vitabu vya marudio vina kazi yake na hakuna anayevikataa hapa. Lakini mtoto hupata wepesi wa kusoma kwa kusoma kurasa nyingi, na hakuna mtoto atakayesoma kurasa nyingi za kitu asichokipenda. Mwanafunzi anayesoma neno moja moja kwa kuhangaika hufika mwisho wa swali la sayansi akiwa amesahau lilivyoanza. Anakosa swali, anaambiwa sayansi imemshinda, kumbe kilichomshinda ni kusoma.

Basi kitabu cha mtoto kichaguliwe vipi?

Mwache kwanza achague mwenyewe, kisha mpime. Fungua ukurasa wowote wa katikati, umwambie asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kigumu kwake kukisoma peke yake. Hata hivyo kisirudishwe rafuni. Mtu mzima, au dada yake mkubwa, atamsomea. Akikunja kidole kimoja au viwili, hicho ni chake, aende nacho nyumbani. Na asipokunja hata kimoja, mwacheni pia. Watu wazima husoma gazeti bila kamusi na hakuna anayewaambia wanapoteza wakati.

Halafu kitazame kitabu chenyewe. Kwa watoto wadogo, maandishi yawe makubwa na picha ziende sambamba na maneno, ili mtoto akikwama kwenye neno, picha imsaidie. Soma ukurasa mmoja kwa sauti kabla ya kulipa. Kama ulimi wako wewe mzazi unajikwaa, wa mtoto utajikwaa zaidi. Na jihadharini na hadithi ambayo ni mahubiri yaliyovalishwa ngozi ya sungura. Mtoto huitambua mapema kuliko mwalimu.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto wa chekechea au wa gredi ya kwanza anafurahia zaidi hadithi katika lugha anayoiota usiku, iwe ni Kiswahili au lugha ya nyumbani, na vitabu vya lugha za nyumbani madukani ni vichache. Ndiyo sababu inafaa walimu wajue kuhusu African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014 wa kuweka hadithi fupi za picha kwenye intaneti bila malipo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwemo kadhaa za Kenya. Hadithi hizo zinaweza kusomwa kwenye simu na kuchapishwa. Hata kuzitafsiri kunaruhusiwa, tena bila kuvunja sheria, maana zilitolewa kwa leseni inayokubali hivyo. Jambo hili ni tofauti kabisa na zile nakala za riwaya zinazosambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp, ambazo ni wizi wa jasho la mwandishi.

Huenda yuko mzazi hapa anayejiambia kwamba haya hayamhusu kwa sababu yeye hakupata kusoma. Yanamhusu sana. Akisema "Paukwa!" na mtoto akaitikia "Pakawa!", somo limeanza. Na mtoto akianza kusoma, kazi ya mzazi huyo ni kuketi karibu na jiko, kumenya viazi na kuuliza, "Halafu ikawaje?" Nyanya anayeuliza kwa nini fisi hakurudi nyumbani anamlazimu mjukuu arudi ukurasa wa nyuma akatafute. Huko kurudi kutafuta ndiko walimu wanakokuita ufahamu.

Kwa vijana mambo ni magumu zaidi.

Wapo wanafunzi wanaomaliza shule ya upili bila kusoma riwaya moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wamesoma mwongozo. Mwongozo unawapa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, vyote vimekwisha kutafunwa, na mwanafunzi anaweza kueleza tabia za mtu ambaye hajawahi kukutana naye hata ukurasa mmoja. Mzazi akiombwa pesa za mwongozo, aulize kwanza riwaya yenyewe iko wapi.

Wengine wanazo riwaya, lakini wazazi wamezificha. Mzazi amefungua ukurasa fulani, akakuta mapenzi, mimba au dawa za kulevya, akafunga kitabu na kukiweka juu ya kabati. Hofu hiyo inaeleweka. Yapo kweli maandishi yasiyomfaa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mzazi ana haki ya kusema "bado." Lakini riwaya inayotaja hatari si lazima iwe inamwita kijana aifuate.

Chukueni mfano wa Blossoms of the Savannah ya H. R. ole Kulet, iliyochapishwa mwaka 2008, ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi mwaka 2009, na baadaye ikawa kitabu teule katika shule za upili. Inasimulia habari za dada wawili, Taiyo na Resian, ambao baba yao anapoteza kazi mjini Nakuru na kuihamishia familia nyumbani kwao mashambani. Wasichana hawa wanataka kuendelea na masomo. Huko wanakutana na watu wanaotarajia wakeketwe na kuozwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji imekuwepo Kenya tangu mwaka 2011. Lakini sheria haimfundishi msichana namna ya kumwambia baba yake kwamba anaogopa.

Msichana huyo huenda asiweze kusema, "Baba, mnipangie nini likizo ya Desemba?" Anaweza lakini kuuliza, "Baba, huyu babake Resian alikosea wapi?" Hilo ni swali kuhusu kitabu. Baba anaweza kulijibu bila kuaibika, na binti anaweza kulisikiliza jibu kwa makini kuliko anavyoonyesha. Mazungumzo mengine yataishia kwenye kutoelewana, ndivyo yalivyo. Lakini mama aliyekuwa akipakua chakula naye atakuwa amesikia. Na msichana akisema wazi kwamba jambo hilo linamkabili yeye mwenyewe, hapo si suala la kitabu tena. Apelekwe kwa chifu au ofisa wa watoto, au ipigwe simu ya bure ya watoto, 116.

Kwa wavulana, wako wengi wanaolelewa na mama au nyanya na hawamuulizi mtu yeyote habari za baba. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inamfuata kijana anayetoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kitabu cha aina hiyo hakihitaji kutolewa na hotuba. Kiachwe mezani. Mama akisome kwanza, aseme tu kwamba kuna mahali alilia, halafu aende zake kukama ng'ombe.

Na mvulana asiyetaka riwaya kabisa? Mpeni kurasa za michezo za Taifa Leo. Mpeni Shujaaz, kile kitabu cha katuni kilichoanza mwaka 2010 na kuzungumza Sheng. Walimu wa Kiswahili wataguna, na wana sababu zao. Hata hivyo kijana anayesubiri toleo lijalo la katuni ni msomaji tayari. Kilichobaki ni kumpa kingine kinachofuata.

Ombi moja kwa wazazi na walimu: mtoto akimaliza kitabu, asiulizwe mara moja, "Umejifunza nini?" Swali hilo linakigeuza kila kitabu kuwa mtihani. Aulizwe ni nani aliyemkasirisha. Mzazi naye aseme ni wapi alichoka akaruka kurasa. Watoto hupenda sana kusikia kwamba mtu mzima aliruka kurasa.

Sasa, vitabu vyenyewe viko wapi? Vingine vimefungiwa. Kuna shule ambazo vitabu vya hadithi vimo ndani ya kabati la ofisi, vipya, vinanukia gundi, na ufunguo uko na mtu aliye mkutanoni. Vinafungiwa visipotee, na watoto wanamaliza shule bila kuvigusa. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, masanduku ya vitabu na hema juu ya migongo. Kama vitabu viliweza kwenda jangwani na kurudi, vinaweza kutoka kabatini hadi gredi ya sita. Sanduku moja kwa kila darasa, daftari la kuandika majina na mwanafunzi mmoja wa kulitunza vinatosha kuanzia. Majirani katika ploti moja wanaweza kufanya vivyo hivyo: vitabu vitano, nyumba tano, kubadilishana kila Ijumaa.

Kwa upande wa serikali, Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inayataja maktaba kuwa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hiyo katika vikao vya umma vya bajeti, mkaazi anayo haki ya kusimama, baada ya watu kumaliza kuuliza kuhusu barabara na maji, aulize ni shilingi ngapi zimetengewa vitabu vya watoto, na vitafika wadi gani.

La mwisho ni kwa ninyi watoto. Kitabu cha maktaba kikinyeshewa, au mbuzi akikitafuna pembeni, kisifichwe chini ya godoro. Kileteni kama kilivyo. Mkutubi ana gundi, ana uzi, na ameona vibaya kuliko hicho. Na wazazi, mtoto akikileta, mruhusuni achukue kingine siku iyo hiyo.