Mteja Anapouliza: Maoni ya Wasomaji katika Biashara ya Maarifa Mtandaoni



Jioni hii nataka tuzungumzie biashara iliyokua mbele ya macho yetu, na ambayo sisi wa vyuo vikuu hatujaipa uzito unaostahili: uuzaji wa maarifa kupitia simu. Kuna mwongozo wa kufuga kuku, notisi za kidato cha nne, masomo ya ushonaji kwa video, kitabu cha keki na maandazi. Mteja anaona tangazo Facebook au Instagram, analipa kwa M-Pesa au Airtel Money, na baada ya dakika chache anatumiwa faili la PDF kwa WhatsApp au anaingizwa kwenye kundi la masomo. Muuzaji na mnunuzi huenda wasionane maisha yao yote. Ninachoshikilia ni hiki: katika biashara hii, swali la mteja aliyekwama lina thamani kuliko sifa za mteja aliyeridhika, na anayelijibu sawasawa hupata bidhaa bora na tangazo bora kwa mpigo mmoja.

Tuchukue mwongozo wa kuku. Karibu kila mwongozo wa kulea vifaranga husema kwamba wiki ya kwanza joto la bruda liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kadiri vifaranga wanavyoota manyoya. Ni sahihi, na mtaalamu yeyote atapitisha. Sasa fikirieni mama aliyeununua, ana vifaranga 50 ndani ya boksi lenye maranda, taa ya chemli inawaka pembeni, na usiku unaingia. Anaandika: “Nimesoma mwalimu, asante. Ila sina kipimajoto. Nitajuaje?”

Kuna muuzaji atakayemjibu “nunua kipimajoto.” Kuna atakayenyamaza, maana pesa imeshaingia. Muuzaji anayeijua kazi yake atarudi kwa vifaranga wenyewe. Wakijazana karibu na taa huku wakilia kwa nguvu, wana baridi. Wakikimbilia kingo za boksi, mabawa wameyaachia na midomo iko wazi wanahema, joto limezidi. Wakirundikana upande mmoja, tafuta upenyo wa upepo upande wa pili. Wakitawanyika boksi zima, huyu anakula, yule anakunywa, mwingine amelala, basi joto limekaa vizuri na mama anaweza kwenda kulala. Aya hiyo moja, pamoja na michoro minne midogo, itamfaa msomaji kuliko kurasa kumi za majedwali. Mwandishi hakuifikiria kwa sababu yeye kipimajoto anacho.

Na tazameni lililotokea upande wa masoko. Tangazo la zamani lilisema “Mwongozo kamili wa ufugaji wa kisasa”, maneno ambayo kila muuzaji anayo na hayamshiki mtu yeyote. Tangazo jipya linasema: “Huna kipimajoto? Watazame vifaranga wanavyolala.” Limetoka kinywani mwa mteja, kwa hiyo kila anayelea vifaranga kwa chemli na jiko la mkaa atajiona ndani yake. Wanaofundisha masoko huwaambia wanafunzi watafute lugha ya mteja. Lugha hiyo tayari imo kwenye simu ya muuzaji, katika jumbe za sauti ambazo hajazisikiliza hadi mwisho.

Tatizo ni kwamba wengi hawaulizi. Watafiti waliochunguza nyota ambazo wanunuzi hutoa kwenye Amazon wameonyesha kwamba hurundikana kwenye ncha mbili: tano nyingi sana, moja kiasi, na katikati hamna watu. Aliyefurahi sana na aliyekasirika sana ndio husema, na wale wa kati hupita kimya. Kwetu kuna na adabu juu yake. Mnunuzi humwita muuzaji “mwalimu”, na mwanafunzi aliyelelewa vizuri hamkosoi mwalimu wake. Ukimuuliza “Umeuonaje mwongozo?” atakujibu “Mzuri sana, Mungu akubariki.” Maneno hayo ni ya heshima na yanapendeza, lakini hayakuonyeshi pa kurekebisha. Nao wahenga walishatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa hiyo tubadilishe maswali. Muulize mteja amefika ukurasa wa ngapi. Muulize jana alifanya nini baada ya kusoma, na ni wapi ilimbidi ampigie mtu mwingine simu. Hayo anaweza kuyajibu kwa ukweli bila kuvunja heshima. Ukiweza, kaa naye. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano tu wakitazamwa wanapofanya kazi watakufichulia takribani asilimia 85 ya kasoro za bidhaa. Tunaweza kubishania asilimia hiyo, lakini watu watano ni jirani, shemeji na mafundi watatu wa mtaani. Ukitazama kidole cha msomaji kinavyohangaika kukuza maandishi kwenye kioo kidogo, utajua kwa nini hakufika ukurasa wa nane.

Hata neno “ghali” linahitaji kuulizwa. Mara nyingi anayesema somo ni ghali hana ugomvi na bei yako. Ni video ya saa nzima inayommalizia bando. Mkatie vipande vya dakika tano, mwekee na sauti peke yake, na malalamiko ya bei yatapungua bila wewe kushusha bei hata shilingi.

Mtu ninayemheshimu sana katika jambo hili ni Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza kuchapisha mfululizo wake wa The Art of Computer Programming mwaka 1968. Kwa miaka mingi aliahidi kumlipa dola 2.56 msomaji wa kwanza atakayemwonyesha kosa lolote katika vitabu vyake, na akawa anaandika hundi kweli. Kwa nini 2.56? Kwa sababu senti 256 ni “dola moja” katika hesabu ya msingi wa 16 wanayoitumia watu wa kompyuta. Wengi waliozipata hawakuzipeleka benki. Walizitia kwenye fremu wakazitundika ukutani. Mwandishi aliyekiri hadharani kwamba vitabu vyake vina makosa, na kuwalipa wanaoyaona, alipata wasomaji wanaojivunia kumsahihisha. Matangazo ya magazetini hayawezi kununua sifa ya namna hiyo.

Nageukia sasa upande unaonitia wasiwasi, yaani ushuhuda. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle, akakuta kwamba nyota moja zaidi kwenye tovuti ya maoni ya Yelp iliendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Nyota zikiwa na pesa kiasi hicho, vishawishi havikosi. Mwezi wa Januari 2022 kampuni ya mavazi ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kwamba iliyazuia maoni ya chini ya nyota nne yasionekane kwenye tovuti yake. Mwaka 2024 tume hiyo ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kubuni. Kwetu udanganyifu huu una sura yake: skrinshoti za mazungumzo ya WhatsApp, nyingine zikiwa za muuzaji akiongea na laini yake ya pili.

Hata skrinshoti ya kweli ina shida. Muuzaji huirusha kwenye status ikiwa na jina la mteja, namba yake, pengine na ujumbe wa muamala. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinamlinda mwenye taarifa. Omba ruhusa, futa namba. Knuth mwenyewe aliacha kutuma hundi halisi mwaka 2008 kwa sababu ya wizi unaotumia namba za akaunti zilizochapwa kwenye hundi; tangu hapo hutuma vyeti vya benki ya kubuni.

Nimalizie kwa maoni ambayo muuzaji hapaswi kuyatii. Wafugaji wengi wataomba mwongozo uwe na sura ya tiba ya ugonjwa wa mdondo. Mdondo hauna tiba. Mteja anaijua shida yake kuliko sisi, lakini hilo halimfanyi ajue na dawa yake. Sura yenye kichwa “Tiba ya mdondo” ingeuza sana, na kuku wangekufa. Muuzaji mwaminifu ataandika kwamba kinga kuu ni chanjo. Ile ya I-2 hutolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo atakutana na swali la pili: chupa moja hutosha kuku mia au zaidi, na mama yetu ana hamsini tu. Basi sura hiyo imwelekeze namna ya kukubaliana na majirani siku moja ya kuchanja, wachange pesa, na chupa iishe siku ileile ilipochanganywa. Asubuhi hiyo watakusanyika uani kwake watu kadhaa wenye kuku makapuni na simu mifukoni, na watamuuliza amejifunzia wapi.