Kazi za Akina Mama Wanaolea Peke Yao

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Loitokitok



Kamati imetutuma tuseme mbele yenu juu ya akina mama wanaolea watoto peke yao: wajane, walioachwa, na waliozaa kabla ya kuolewa. Mara nyingi imesemwa katika mikutano yetu kwamba dawa ya shida yao ni kutafutiwa kazi. Sisi, baada ya kulitazama jambo hili hapa kwetu na katika nchi nyingine, twaona kwamba kazi wanayo tayari. Wanachokosa ni mahali pa kumweka mtoto, na ujira unaotosha.

Watazameni siku ya soko. Huyu ameleta dumu la maziwa, kwani kwa desturi ya Wamaasai maziwa yako mkononi mwa mwanamke, naye ndiye mwenye kuyagawa na kuyauza, ijapokuwa ng'ombe mwenyewe si wake. Ukame wa mwaka wa 2009, na ule wa 2021 na 2022, ulipowaua ng'ombe, biashara yake ilikufa pamoja nao. Yule amenunua ndizi kwa wanawake wa Kichaga waliovuka mpaka kutoka Tarakea, naye anaziuza kwa mafungu. Wengine hawamo sokoni kabisa. Wako Kimana katika mashamba ya nyanya na vitunguu, wakipalilia na kuchuma kwa kibarua cha siku. Mtoto akiugua siku hiyo, hakuna malipo. Wala hawana shamba la kukimbilia. Ranchi za vikundi zilipoandikishwa chini ya sheria ya mwaka wa 1968, walioandikwa walikuwa wanaume, isipokuwa wanawake wachache sana. Na sheria ya urithi ilipoanza kutumika mwaka wa 1981, Kajiado ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizoachwa nje kwa habari za mashamba na mifugo, zikabaki chini ya mila.

Maji ya Nolturesh hutoka chini ya mlima wetu, yakapelekwa kwa bomba hata Kitengela na Athi River. Mabinti zetu wameifuata njia ile ile. Eneo la viwanda vya kuuza nje lilianzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1990, na Marekani ilipokubali mwaka wa 2000 kupokea nguo za Afrika bila ushuru, vyerehani viliongezeka Athi River, na walioketi mbele yake wengi ni wanawake. Binti hupanga chumba Kitengela, akamwachia jirani mtoto wake pamoja na watoto wa wengine, naye akaenda kushona kutwa. Akishalipa kodi na mlezi, kinachosalia ni kidogo mno. Asiyeweza humrudisha mtoto kwa bibi yake huku kwetu. Wazee mliopo hapa mnawajua watoto hao, maana wanalala nyumbani mwenu.

Nchi tajiri nazo zimehangaika na jambo hili. Marekani ilianza mwaka wa 1935 kuwalisha watoto wasio na baba nyumbani. Mwaka wa 1996 ikabadili sheria, ikamdai mama afanye kazi na kuweka kikomo cha miaka 5 ya msaada wa serikali kuu. Uingereza ilimruhusu mama kukaa nyumbani kwa posho mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka 16. Tangu mwaka wa 2008 umri huo ukateremshwa hatua kwa hatua, hata ukafika 5 mwaka wa 2012. Lakini Japani ndiyo ya kutufunza zaidi. Huko zaidi ya akina mama 8 katika kila 10 wanaolea peke yao wana kazi, na hata hivyo karibu nusu ya nyumba zenye mzazi mmoja zimehesabiwa kuwa maskini, kwa sababu wengi wao hupata kazi za saa chache zenye ujira hafifu. Sweden ilishika njia nyingine: tangu mwaka wa 1937 serikali humtangulizia mama fedha za matunzo, kisha yenyewe ikamdai baba.

Kwetu Kenya habari ya baba imekwenda mbele na nyuma. Sheria ya mwaka wa 1959 ilimruhusu mwanamke asiye na mume kumshtaki baba wa mtoto apate matunzo. Mwaka wa 1969 Bunge likaifuta. Katiba ya mwaka wa 2010 ndiyo iliyosema wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Tusifichane, baadhi ya baba hao ni vijana wetu wenyewe.

Baadhi yenu mngependa fedha za mfuko zigawanywe kuwa mikopo. Mikopo hatuipingi. Lakini huko Korogocho, Nairobi, wachunguzi waliwalipia akina mama maskini gharama za malezi ya mchana, wakatoa matokeo mwaka wa 2019. Wenye waume wengi zaidi waliingia kazini. Wale wanaolea peke yao hawakuongezeka kazini, kwa kuwa walikuwa kazini tangu mwanzo. Bali walipunguza saa za kazi bila kupungukiwa mapato. Kwa mama anayechuma nyanya tangu alfajiri hata magharibi, hilo si jambo dogo.

Wako wazee wanaohofu kwamba tukiwalea watoto hawa tutawatia mabinti moyo wazae nje ya ndoa. Hofu hiyo twaiheshimu, lakini mjane hakuuchagua ujane, na mtoto aliyekwisha kuzaliwa hawezi kurudishwa.

Twaomba ruhusa ya kutumia chumba cha nyuma cha ghala la chama, siku za soko tu, kwa muda wa miezi 6, pamoja na posho ya walezi wawili watakaochaguliwa na akina mama wenyewe. Kila mama atalipa kidogo kwa kila mtoto. Mweka hazina anazo hesabu, naye atazisoma kabla ya kura kupigwa.