Sauti Hii Ni ya Nani?

Somo: Mwanzo 27:18-29, Yohana 10:1-5



Isaka alikuwa mzee, na macho yake hayakuona tena. Aliposikia sauti, aliitambua kuwa ni ya Yakobo. Lakini alipapasa mikono yenye manyoya, akaonja chakula kitamu, akanusa harufu ya mavazi, naye akambariki mtu asiyemkusudia. Masikio yalimwambia kweli, ila hakuyafuata.

Sisi tunaosikiliza redio tuko kama Isaka. Hatumwoni anayesema, tuna masikio tu. Basi tujifunze kuuliza: sauti hii ni ya nani?

Kwanza, jina linaweza kubadilika, sauti ikabaki ile ile. Wazee wetu wanakumbuka redio ya taifa. Mwaka 1971 nchi ilipoitwa Zaire, nayo ikaitwa Sauti ya Zaire. Mwaka 1997 nchi iliporudia jina la Kongo, ikaitwa RTNC. Kibao kilibadilishwa mlangoni, lakini mwenye nyumba alibaki kuwa serikali iliyopo.

Pili, jina linaweza kubaki, sauti ikageuka. Kwa jirani zetu wa Rwanda, RTLM ilianza kusikika Julai 1993. Vijana waliipenda kwa muziki wa huku kwetu na kwa mizaha yake. Chuki ikaingia kati ya wimbo na wimbo. Kuanzia Aprili 1994, kwa jina lile lile, ilikuwa ikitaja watu wa kuwindwa na kuuawa. Waliokuja kwa ajili ya wimbo walikuwa wamekwisha kuzoea sauti.

Tatu, mnara unaweza kunyang'anywa, sauti isife. Tangu 1963 Walutheri walikuwa na Redio Sauti ya Injili kule Addis Ababa, iliyotangaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaichukua na kuipa jina la mapinduzi. Lakini vipindi vya Kiswahili vilikuwa vinatayarishwa Moshi, Tanzania, na hata leo Moshi kuna redio inayoitwa Sauti ya Injili. Walichukua mitambo, hawakuchukua ujumbe.

Wapendwa, redio yetu nayo inabadilika, na si kila badiliko ni dhambi. Tangu Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, nani hapa Uvira atasema tangazo la maji si kazi ya upendo? Habari ya mtoto aliyepotea, onyo la upepo kwa wavuvi wa Kalundu, wimbo mpya wa vijana: hayo ni mavazi tu.

Hatari iko pengine. Siku moja atakuja mtu na pesa ya mazutu, akitaka saa moja ya jioni ili aseme vibaya kabila la jirani yake. Mkono wake utakuwa na manyoya, na chakula chake kitanukia vizuri. Siku hiyo tukimpokea, jina litabaki la kanisa, lakini Mfuliru, Mvira, Mbembe, Mnyamulenge na Mrundi hawatasikia tena Mchungaji mmoja.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza: toeni sadaka ya redio. Redio isiyolishwa na kanisa italishwa na mwingine, na anayelisha ndiye atakayesema. La pili: ukisikia sauti ngeni hapa kwetu, usizime redio na kunyamaza. Njoo useme kwa wachungaji, hata kama msemaji ni ndugu wa kabila lako. Hasa akiwa wa kabila lako.

Tuombe. Ee Bwana, linda midomo ya wanaosema na masikio ya wanaosikia, kutoka Kavimvira hadi Makobola na ng'ambo ya ziwa. Tukikosa mazutu, tusikose sauti yako. Kwa jina la Yesu, amina.